Nyumba Isiyo na Kianzio

Tangu asubuhi Clevon Mabry alikuwa juu ya ngazi, akikwangua rangi iliyobanduka kwenye ukuta wa nyumba isiyo yake. Goti aliloumia vitani lilikuwa limevimba. Chini, mkewe Ramona alimshikia ngazi huku akinung'unika kwamba hajawahi kuona mtu mwenye akili timamu akipaka rangi nyumba ya mwenzake bure.

Mkopo wa nyumba wa askari wastaafu hauna kianzio, yaani hutoi malipo ya awali. Ndivyo walivyoambiwa, na Clevon, aliyechoka kulaza familia yake kwenye gereji ya dadake, aliyameza maneno hayo mazimamazima. Bure ghali. Alimlipa fundi wa kukagua, akamlipa mthamini, akaweka amana ya kuonyesha nia, na akiba ikayeyuka. Kisha mthamini akaandika kwamba kwa nyumba yenye rangi iliyobanduka, askari hapewi mkopo. Eti serikali inamlinda asiuziwe nyumba mbovu.

Haskins, mwenye nyumba, alikataa kata kata kugusa brashi. Yeye anauza kama ilivyo.

"Paka mwenyewe, kaka," dalali Kessler alimshauri. "Wengi hufanya hivyo."

"Na akinigeuka?"

"Si mna mkataba?"

Mkataba ulikuwapo, na ndani yake tarehe ya mwisho ya kukamilisha ununuzi. Clevon alipaka kuta zote, akapaka mpaka fremu za madirisha, kwa pesa ya kukopa kwa shemeji. Alipomaliza, akaomba mthamini arudi. Kurudi huko nako kulilipiwa, lakini mthamini hakuwa na haraka, na tarehe ikapita.

Kessler alimpigia Clevon simu wakati Ramona anafunga vyombo kwenye maboksi. Haskins, alisema, amepata mnunuzi mwenye fedha taslimu, tena kwa bei ya juu, maana nyumba sasa inapendeza.

"Amana utarudishiwa. Hizo nyingine ndiyo zimekwenda, kaka."

Clevon alitazama rangi iliyoganda kwenye kucha zake. "Nimempakia rangi nyumba yake, Kessler."

"Najua. Na yeye anajua. Kaniambia nikwambie..."

Dalali akayatoa maneno ambayo mjini Killeen, penye kambi kubwa ya jeshi, kila mtu humwambia askari mstaafu, dukani, kanisani, hata kwenye foleni ya benki.

"Anakushukuru kwa utumishi wako."