Siku ya Tatu Sikuwapo

Tulikuwa tunakukaribisha tu, shemeji… ndivyo alivyosema, tena amesema huku anamimina chai, hakuinua hata macho, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba jana kulinyesha, na chai inashuka kutoka kwenye chupa kuingia kikombeni na mimi naitazama kana kwamba sijapata kuona chai, kukaribisha, neno nililolisikia tangu kuzaliwa, hodi, karibu, karibu ndani, na leo limenipiga kifua… tulia, mzee, kila kitu kwa jina lake, ndivyo ulivyofundishwa, uko wapi, niko katika chumba cha mikutano cha kiwanda cha mablanketi, ghorofa ya juu, dirisha linatazama paa la karakana, upande ule wa meza yuko Mkurugenzi, kijana mwenye tai nyembamba, kando yake Mtaalamu aliyetumwa na wizara, na ukutani mstari wake mwekundu unaoanzia juu na kushuka, kushuka, kushuka, upande huu niko mimi, mpima tija mstaafu, na huyu mwenye chupa ya chai ni mdogo wa marehemu mke wangu, msemaji wa wanawake wanaoshona mapindo, hakuna aliyemwagiza amimine, alinyanyuka mwenyewe, akasema hamna adabu nyinyi, mzee anakauka koo nanyi mnamrundikia maswali, basi hayo ndiyo majina, na jambo lililo mezani nalo lina jina, wanataka kuifunga karakana ya pindo, wanawake waende makwao, mablanketi yakashonewe nchi nyingine ambako, anasema Mtaalamu, tija iko juu, na kabla ya kufunga wanataka neno kutoka kwangu mimi niliyeweka kiwango, neno moja tu, mzee, amesema Mkurugenzi, kiwango ulichokipima ni sahihi au si sahihi, kwa sababu karakana hii haijakifikia hata mwaka mmoja… hata mmoja… nami nilikuwa tayari kusema sahihi, ulimi ulikwisha kugusa meno, nilipima kwa mkono wangu, saa yangu haikuwa na hila, ndipo yeye akaingilia, sahihi sana, mbona, siku zile tulishona mpaka vidole vikataka kutoa moshi, si ulikuwa mgeni, tulikuwa tunakukaribisha tu, shemeji… na Mkurugenzi ametabasamu kidogo, adabu ya kijana kwa bibi, hakusikia, Mtaalamu anafungua kompyuta yake, hakusikia, ni mimi peke yangu niliyesikia.

Nilifika asubuhi, nakumbuka, suruali ina mkunjo kama wembe, saa ya kubonyeza inaning'inia shingoni, ile inayosimamishwa kwa kidole gumba, na wanawake wote wakanyanyuka kwenye cherehani, karibu mgeni, karibu, nikasema kaeni, endeleeni kama kawaida, nilisema hivyo, kama kawaida, nikadhani neno langu limetosha, na cherehani zikanguruma hata kioo cha dirisha kikatetema, na nilisimama nyuma ya msichana aliyekaa dirishani, uzi mdomoni, blanketi linapita mikononi mwake kama maji ya mfereji, pindo, kona, geuza, pindo, kona, geuza, hakupapasa, hakujinyoosha mgongo, hakutazama nje, nikaandika, nikabonyeza, nikaandika, nikajiambia hii ndiyo tija, si kasi, kasi ni ya mbio za watoto, tija ni kazi iliyotoka ukiigawanya kwa saa zilizoingia, mwalimu wangu alitufundisha hivyo, yule mgeni wa soksi ndefu hadi magotini, kitu kisichoitwa kwa jina lake hakipimiki, alisema, na ukikosea jina unasimama kando ya ubao mpaka wenzako wamalize… na msichana yule wa dirishani nikamwoa, ndiyo, watu walicheka, mpimaji kapima kazi kapima na mshonaji, na nyumbani nikamwita Kiwango, kwa utani, Kiwango, maji ya kuoga yako wapi, yanakuja, Mpimaji, na yalikuja, kila mara yalikuja, nisimame hapo kwanza, nisiende huko, niko kazini… "mzee, maziwa?" ananiuliza shemeji, natikisa kichwa sijui kwa ndiyo au kwa hapana, anatia, anajua mwenyewe nanywa vipi, na Mtaalamu anasema kama mnavyoona, wakubwa zangu, mwaka wa msingi, ule aliopima mzee, ndio kilele, baada ya hapo hatujapata kupona, anasema kupona, kama tulikuwa wagonjwa.

Mama yetu ndiye aliyetuambia, anaendelea shemeji, sasa anamimina cha Mkurugenzi, maneno anayatupa begani kuja kwangu kama mtu anayesimulia harusi ya zamani, alituambia asubuhi ile tukifunga vitambaa, mgeni haonyeshwi uchovu, ukimpigia miayo umemwambia aondoke, basi tukakubaliana na wenzetu karakana nzima, hata msalani watu hawakwenda, fulani alikuwa mjamzito akakaza meno, dada naye mkono wake ulikuwa umevimba, alikuwa kajichoma sindano, hukuona… sikuona, nilikuwa natazama saa, nilikuwa natazama blanketi, mkono uliovimba nilishika kalamu pembeni yake sikuuona… na jioni ukiondoka, shemeji anacheka, ulipofunga tu lango, tulianguka juu ya mablanketi kama magunia, wewe, tulilala hapohapo, anacheka kweli, mabega yanatikisika, hakuna uchungu, ndilo linalonitisha, hakuna uchungu hata kidogo, kwao ni hadithi nzuri, hadithi ya wenyeji waliojua wajibu wao… na mimi nilifanya nini na wema ule, niliuzidisha, ee Mola, niliuzidisha, kitabu kilisema hivyo, kitabu cha upimaji, kurasa zake bado naziona, kilisema mfanyakazi akitazamwa hujivuta, huficha nguvu zake asije akaongezewa kazi, kwa hiyo ukipata hesabu yako ongeza kidogo juu, nami nikaongeza, wao wamekimbia hadi mwisho wa pumzi yao na mimi nikaongeza juu ya pumzi, huko kitabu kilikoandikwa pengine ni kweli, huko mwenye saa ni askari, akija watu hupunguza mwendo, lakini hapa mwenye saa alipiga hodi, alikaribishwa, aliwekewa kiti… na kitabu kilisema pia siku mbili zinatosha kwa kila karakana, siku mbili, na mgeni ni siku mbili, mtoto anayechunga kuku analijua hilo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nililijua, bibi yangu aliniimbia, nilikwenda shule na methali hiyo kichwani na shuleni nikavua kila kitu mlangoni pamoja na viatu, na siku ya tatu kila mahali nilikuwa nimekwisha kupanda gari, kiwanda cha sabuni, siku mbili, karibu mgeni, kiwanda cha viberiti, siku mbili, karibu mgeni, watengeneza matofali, ah, wale wa matofali, waliimba, niliandika pembeni kwamba wana ari ya asili, ari ya asili! walikuwa wananipokea! sikupima nchi ikifanya kazi, nilipima nchi ikipokea mgeni, nikapeleka hesabu ile makao makuu, makao makuu yakaipeleka kwenye majedwali ya mataifa, na mataifa yakapangwa foleni, na sisi kila mwaka tukawa tunashuka kutoka kwenye kilima ambacho hakikuwapo.

Wavivu… ndiyo maana neno lile lilikuja, lilitoka wapi kama si hapo, waziri alisimama jukwaani akasema uvivu ndio adui, na magazeti, na walimu wakawachapa watoto kwa ajili yake, wataalamu walikuja kutafuta sababu, mmoja akasema ni joto, mwingine ni chakula, mwingine akasema ni mashine zimezeeka, akaleta mashine mpya, mstari ukashuka vilevile, na mwanangu mwenyewe, mwanangu wa kwanza, anayekaa ng'ambo, alinipigia simu akaniambia, baba, tusidanganyane, watu wetu hawana utamaduni wa kazi, takwimu zipo, na mama yake alikuwa amekaa kando yangu anachambua mchele, sauti ya simu inasikika chumba kizima, takwimu zipo, akaendelea kuchambua, mtoto alikuwa anamsomea mama yake hesabu za mkono wa mama huyohuyo uliovimba… alijua? alijua, bila shaka alijua, yeye ndiye aliyekuwa dirishani, mbona hakuniambia, miaka yote ile kwenye kitanda kimoja, Kiwango, mbona hukuniambia, na jibu nalijua kabla sijamaliza kuuliza, mgeni haelezwi kwamba amekaribishwa, ukimwambia umeharibu, umemdai… "Mzee?" ni Mkurugenzi, sauti ya upole, anadhani sisikii vizuri, "tunasubiri tu neno lako, sahihi au si sahihi, halafu tukuache upumzike," na kalamu yake iko juu ya karatasi, na nikisema sahihi wanawake wale huko chini, nasikia ngurumo ya cherehani zao sakafuni, watakwenda makwao wakiwa na jina la wavivu migongoni, na nikisema si sahihi, basi jengo lote, sabuni, viberiti, matofali, kila mwaka juu ya mwaka, nyumba nzima imekaa juu ya tofali langu, na picha yangu iko ukutani kule wizarani, chini yake wameandika Baba wa Kipimo… kipimo cha nini, semeni kitu kwa jina lake, cha nini?

"Halafu wewe nawe ulituangusha," anasema shemeji, amerudi kwangu, kikombe ameshika kwa mikono miwili, "siku ya tatu tulikuwekea kiti." Kiti? Kile kigoda cha fundi, anasema, tuliweka baina yangu na dada, na cherehani ile mbovu, tukasema leo mgeni tumempumzisha vya kutosha, leo naye atashona, tutamcheka mpaka tufe na suruali yake ya pasi, tutashona kwa mwendo wetu wa kila siku, tutapiga soga, ataonja, dada alikutungia na uzi kabisa, tukangoja, tukangoja, tukaambiwa mgeni kaondoka na gari la alfajiri… kiti kilikuwapo, walikuwa wamenitengea siku ya kweli, iko hapo, imewekwa tayari pamoja na uzi, siku pekee ambayo ningepima kitu chenye jina ninalolijua, na ndiyo siku niliyoikimbia… na nyumbani je, nyumbani siku ya tatu ilikuwa lini, maji ya kuoga yanakuja, Mpimaji, chai inakuja, pasi, vifungo, pole na kazi, umechoka wewe, mimi sijachoka, sijachoka, sijachoka, nilimsikia akisema sijachoka hata nikaamini ni maumbile yake, nikawaambia marafiki mke wangu hachoki, nikijisifu, nilikula chakula cha mgeni katika nyumba yangu mwenyewe mpaka nikazeeka… mara moja tu, hospitalini, mashuka ya kijani, alifumbua macho akasema mume wangu, leo nimechoka, na mimi nikatazama saa, mkono ulikwenda wenyewe, nikatazama saa kama mtu anayetaka kuandika, naye akaona, akacheka, sauti haikutoka lakini alicheka, akasema haya, sasa umekuwa mwenyeji, sogea huku unishike mgongo, nikadhani ni homa, nikamwita muuguzi, maneno yake ya mwisho yenye maana nikamwitia muuguzi… alikuwa ananipa jembe, siku ya tatu ilikuwa hiyo, alinipa kazi, nishike mgongo, mgongo uleule ambao haukujinyoosha mbele yangu dirishani, na niliushika, nashukuru, niliushika, ulikuwa mwepesi kama blanketi lililofuliwa sana.

Mstari mwekundu uko palepale ukutani, Mtaalamu anakohoa, chini cherehani zinanguruma, zinasimama, mtu anacheka huko, zinanguruma tena, huo ndio mwendo wao, huo wenye kucheka ndani yake, sikupata kuusikia, mvuke unapanda kutoka kwenye kikombe na kikombe kiko hewani baina ya shemeji na mimi, haya, karibu chai, anasema, usije ukasema tumekunyima, hata kama leo umekuja kutuzika, na anatabasamu, na mkono wake wa kulia, sasa nauona, vidole vimepinda kwenye viungo, anauficha chini ya kisahani nisiuone, bado, mpaka leo, mbele ya mtu aliyekuja kumfungia karakana… "sahihi au si sahihi, mzee?" na maneno yote mawili nayapima mdomoni na yote mawili ni ya mgeni, ya mtu anayepanda gari alfajiri, wacha kalamu ingoje, wacha ukuta ungoje, nina swali moja kwanza, si la Mkurugenzi, ni la huyu aliyeshika kikombe, na nikilisema watadhani nimezeeka, na watakuwa wamekosea jina, shemeji, kile kigoda bado kipo?