Gwaride la Thabai

Jana mchana nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mama, usingizi ukanikamata kitini, na ndoto haikungoja hata nifumbe mdomo.

Mama alikuwa na siku tano hajameza kitu ila chai. Alichoomba ni mukimo wa thabai tu, yale majani yanayowasha ambayo kwetu tunayaponda na viazi na mahindi. Sasa mimi Nyaguthii ni mwoga wa kuwashwa tangu utotoni. Nilikuwa nimeotesha yangu nyuma ya bafu, yanayofanana na thabai ila hayawashi, laini, hayamsumbui mtu. Nikapika. Mama akatafuna mara moja, akatemea kiganjani.

"Hii si thabai, mwanangu. Umenipikia nini?"

Aibu niliyoiona siku hiyo, wacha tu.

Basi, ndotoni ninaitwa kituo cha polisi. Mezani amekaa koleo la jikoni, amevaa kofia ya kazi.

"Umekuja kutambua thabai?"

"Ndiyo, afande."

"Thabai haitambuliwi kwa macho. Yaache hapa."

Nayavua macho, nayaweka kwenye kisosi. Koleo anaandika kwenye kitabu: macho, mawili, yamechoka.

Mimea saba imepangwa mstari mmoja. Siioni, ila naisikia ikikohoa. Napapasa wa kwanza. Ni laini kama sikio la mbuzi.

"Ni mimi wa nyuma ya bafu," unaninong'oneza. "Nilijitahidi, dada. Majani yangu yana meno kama yake, vinyweleo ninavyo. Kuwasha tu ndiko sikujaliwa."

"Pole."

"Pole ni yako. Mimi sikumdanganya mgonjwa."

Napita wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, yote mipole. Wa saba mkono wangu unakataa kuugusa. Naukemea, unajificha nyuma ya mgongo.

"Afande, ni huyu."

"Umejuaje na hujamgusa?"

"Namwogopa."

"Woga si ushahidi. Gusa."

Nagusa. Uwii! Moto unapanda mpaka begani, nalia mbele ya serikali bila haya.

"Ametambuliwa," anasema Koleo, na kunirudishia macho.

"Umechelewa sana," Thabai inaniambia. "Haya, nipeleke nyumbani."

"Nyuma ya bafu?"

"Pale nitaota nini? Mimi huota palipokaa watu na ng'ombe miaka na miaka. Nipeleke kwa cucu yako."

Kabla sijapiga hatua, kituo kimeshakuwa boma la cucu, mama yake mama, kule Kipipiri. Nyumba ilibomoka zamani, ng'ombe hakuna, thabai zimenifika kifuani. Katikati yake mama anachuma kwa mikono mitupu. Ni msichana, mdogo kuliko mimi.

"Shika kutoka chini, upandishe mkono," anasema bila kunitazama. "Usimpapase kinyume cha vinyweleo vyake."

"Mama, turudi ule."

"Nile nini? Chuma."

"Siwezi."

"Chuma, Nyaguthii."

Naogopa, jamani. Naogopa kuwashwa, na naogopa zaidi kwamba mama yangu atakufa na njaa kwa sababu mimi sitaki kuwashwa. Namwambia hivyo hivyo. Anaendelea kuchuma. Mikono yangu haisogei.

Nikaamka, machozi yamelowesha kola.

Mama alikuwa ameketi kitandani, yeye ambaye kwa wiki mbili kugeuka ubavu tu ni mpaka nimshike. Alikuwa akisugua vidole kwenye blanketi. Nikavikamata, nikavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha zote kumi zilikuwa na vipele vyekundu, vibichi.

"Nimechuma nusu," akasema kwa ukali. "Wewe umesimama pale unalia tu. Nenda ukamalizie, mtoto huyu. Nina njaa."