Tumwambie Nini Baba Kesho

...na kesho tumwambie nini baba yako, mama anauliza, haniangalii, anakunja karatasi ya dhahabu kwa vidole gumba viwili, anaipuliza inatuna, anaitupa kikapuni, na mimi najifanya sijasikia kwa sababu yangu imechanika pembeni, kila ninayokunja inachanika, tangu utotoni mama hunicheka kwamba mikono hii iliumbwa kushika kalamu tu, na sasa hata hiyo kalamu... tumwambie nini, kama vile baba ni mgeni aliyekaa sebuleni anasubiri chai, na kesho ni siku ya kufagia makaburi, tutakwenda shambani kwenye kaburi lake, lile tuta la udongo mpya katikati ya ngano, tutang'oa magugu, tutamchomea dhahabu hizi za karatasi asije akakosa pesa akadhalilika huko aliko, kisha kila mtu atamweleza habari zake kwa sauti, ndivyo tunavyofanya, baba mdogo atamweleza jinsi vitunguu vilivyooza ghalani, mama atamweleza habari zangu, na habari zangu ni fupi, nimeshindwa mtihani wa kuingia shahada ya uzamili, kwa alama nne, na sijui kama nitaurudia. Alama nne, wala siyo arobaini, ningeshindwa kwa arobaini ningelala usingizi. “Nikimwambia unarudia atafurahi,” mama anasema, “unamjua baba yako, Suisui.” Namjua, ndiyo, nani alinipakia kwenye baiskeli nikiwa na miaka sita akanipeleka kuona mifupa, ile mifupa mikubwa ya wanyama wa kale waliyoifukua hapa hapa Zhucheng, mimi nikalia nikidhani wataamka, yeye akanishika kichwa akasema hawa wamelala mno, wanasubiri mtu aje awaeleze watu walikuwa kina nani, na nikasema mtu huyo ni mimi, na yeye akaamini, hilo ndilo tatizo la baba, maneno ya mtoto wa miaka sita aliyashika kama mkataba, akawa anawaambia watu wote huko bafuni, lile bafu la umma la mtaani, binti yangu atakwenda Jinan kusomea mifupa, na wale wazee wamekaa na taulo mabegani wanatafuna figili na chai ya moto wanamtania, mifupa, Zang, si angesomea hata ng'ombe walio hai, na yeye anacheka nao mpaka ngozi yote nyekundu, hatoki, maji ya moto yakimpata baba hatoki...

Bafuni. Hapo kila mara akili yangu inasimama. Usiku wa kuamkia mtihani nilipiga simu nyumbani, ilikuwa karibu na siku ile ya baridi kuu ambayo kila nyumba inakula sambusa za kuchemsha, nikauliza baba yuko wapi nimsikie kidogo, na mama akajibu kwa sauti changamfu, sijawahi kumsikia mchangamfu vile, “Baba yako kaenda bafuni, unamjua, utamngoja mpaka kesho, lala mwanangu, asubuhi ule yai,” na mimi nikacheka, nikamwona na taulo lake na figili zake, nikaingia kwenye chumba cha mtihani na picha hiyo, ikanipa moto, nikaandika juu ya nyonga na magoti ya wanyama waliokufa kabla ya dunia kuwa na majina, nikaandika vizuri, na siku hiyo hiyo baba alikuwa analala kaburini siku yake ya kwanza. Ini. Tangu mwanzo wa vuli walijua, mama alijua, baba mdogo alijua, hata mama muuza tofu wa kona ile alijua, mimi peke yangu nilikuwa sijui, nikimpigia ananijibu kwa sauti nyembamba, mafua haya, soma, soma, na amri ilikuwa yake mwenyewe, mtoto asiambiwe mpaka atoke kwenye mtihani, atakayefungua mdomo simsamehe, na wakafunga midomo wote, kwa mapenzi, najua kwamba ni kwa mapenzi, mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyoniua. Baba mdogo alikuja kunipokea stesheni, nikaona pini kwenye mkono wa koti lake, pini tupu, nikamuuliza, “Baba mdogo, umeanza ushonaji?” akasema, “Ah, ya kazi hii, twende, baridi,” akanyakua sanduku langu akatangulia, kumbe kitambaa cheusi cha msiba alikuwa amekibandua dakika ile ile asije akaniangusha mbele za watu, akasahau pini, na mimi nyuma yake nasimulia swali la tatu la mtihani, nasimulia mpaka mlangoni... Chungu anachovunja mtoto wa marehemu mazishini alikivunja binamu yangu. Wanasema pale pa kupigia magoti mimi walipaacha wazi, hakuna aliyepakanyaga, kana kwamba hilo lingenifariji.

“Hiyo usiikaze, puliza kwanza,” mama anasema, nasema ndiyo mama, nachukua nyingine. Bingjie tuliyesoma naye alinitumia ujumbe wa sauti, dada, vita vya kwanza vilikuwa mazoezi, sisi tunaorudia wote tunaiita mara hii vita vya pili, sajili, tukae chumba kimoja, usiniache peke yangu na hawa vichaa wa maktaba, na nilicheka, na nilitaka, Mungu anajua nataka, nataka mezani kwangu mfupa mmoja mdogo na brashi na muda wote wa dunia, ninaamka nimeshautaka, alama nne, mwaka mmoja tu, nani hana mwaka mmoja... simu ya mama inaita. Anaitazama, anaifunika kifudifudi, inaita tena, anajifuta vidole kwenye aproni anatoka uani, mlango hajaufunga vizuri, simsikii, namsikia, “...hapana, shemeji, hicho kipimo kingoje... nimekwambia siyo maumivu makubwa... mpaka Desemba ipite, amalize kwanza, na wewe usije ukafungua mdomo,” na Desemba ni mtihani, Desemba hakuna kitu kingine, na mimi hata sijasema kwamba narudia. Sijasema, na tayari wameanza. Vidole vyangu vimebaki hewani na karatasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nyumba hii kifo hakimuumbui aliyeficha, kinamuumbua aliyefichwa, mimi, na sanduku langu mlangoni, nasimulia swali la tatu.

Anarudi, anakaa, anavuta kikapu. “Nani?” nauliza. “Baba yako mdogo huyo, na vitunguu vyake, anadhani mimi ni afisa wa serikali,” na anacheka, changamfu, sauti ile ile, sauti ya bafuni, na mkono mmoja umekwenda ubavuni ukashika kidogo ukarudi kwenye karatasi, tangu lini mkono huo unakwenda hapo, tangu lini mimi sioni, mimi ninayeweza kukuambia mnyama alichechemea mguu gani kwa kutazama goti lake. Na ndipo naona mwaka huo mmoja jinsi utakavyokuwa, chumba na Bingjie, na kila Jumapili simu, na kila simu uchangamfu, kula yai, lala mwanangu, mpaka siku nitakapoteremka stesheni nikatafuta pini kwenye koti la mtu. Hapana. Inaniuma, nalia kwa ndani kwa ajili ya ile mifupa, inaniuma mpaka kwenye meno, mtu mwingine ndiye atakayewaeleza watu walikuwa kina nani, pengine mwakani nitautaka tena mtihani, pengine sitautaka tena kamwe, lakini Desemba hii hapana. “Basi,” mama anasema, “tumwambie nini?” Karatasi yangu imechanika tena. “Nitamwambia mwenyewe,” nasema, na yeye anasema haya, sema mwenyewe, wewe ndiye mwenye mdomo, ananisogezea rundo, tunaendelea kukunja, anapuliza, napuliza, na nitamwambia, baba, mtihani sifanyi, Jumatatu mama anakwenda hospitali, yeye bado hajui kwamba anakwenda, na mimi ndiye nitakayeshika mkoba wake na kuyasikia majibu kwa masikio yangu, na kama una hasira, toka huko bafuni uje uniambie.