Mlio wa Pili

Asteria alizaliwa Kihurio, kwenye mashamba ya mpunga, akaolewa Myamba, juu milimani, ambako ukidondosha chungwa unalifuata hadi kwa jirani. Mumewe alikwenda Tanga kutafuta maisha, akamwacha kwa mama mkwe wake, Hedwiga. Tuseme ukweli, Hedwiga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi tu, na mtu wa kazi hana masikio.

Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Madukani sasa kulijaa kila kitu, sukari, sabuni, hadi redio za kaseti, ila mifuko ya watu ndiyo ilikuwa mitupu. Ndipo Hedwiga akawakusanya akina mama wa usharika, washone sungura wa kitambaa wa kuchezea watoto, kwa mnunuzi wa Moshi aliyekuwa akiwauza sungura hao Ulaya. Kazi ya macho alipewa Asteria, maana vidole vya wenzake vilishindwa. Jicho la plastiki lina mkia wenye meno. Unaupenyeza kwenye kitambaa, kisha kwa ndani, kabla sungura hajajazwa pamba, unauvisha kibanio na kukikaza kwa dole gumba. Kinalia tik mara mbili. Ukiishia mlio wa kwanza, jicho huonekana limekaa, lakini mtoto akilinyonya litang'oka na kumkaba koo.

Wiki moja Swalehe, utingo wa basi la Kihurio, alileta habari: mama yake Asteria yu kitandani, na anamtaja.

"Mama, naomba nishuke nikamwone," Asteria alimwambia mkwewe.

"Maliza sungura kwanza, mwanangu. Ijumaa gari linakuja kuwachukua. Wewe ukiondoka, macho ataweka nani?"

Aliomba tena, akajibiwa vilevile. Na kutoroka haikuwezekana: mke aliyeshuka kwao bila ruhusa hurudishwa na baba yake mwenyewe, kwa aibu. Asteria aliichukia milima ile waziwazi. Kila alikotazama aliona ukuta.

Haraka haraka haina baraka, watu husema, na anayesema hivyo kwa kawaida mama yake ni mzima. Sungura wa mwishomwisho Asteria aliwakaza mlio mmoja, akawapitisha upesi kwa wenzake wajaze na kushona.

Ijumaa asubuhi Hedwiga aliyatazama magunia, akaridhika. "Sasa nenda. Umsalimie sana mama, na hizi ndizi umpelekee."

Basi lilikuwa limesimama sokoni. Asteria alijitwika ndizi, furaha imemjaa, akapita chumba cha kushonea kuaga. Mkekani mtoto wa Ikupa, mshonaji mwenzake, alikuwa ananyonya sungura aliyetolewa guniani kumnyamazisha. Asteria akatua mzigo. Alimchukua yule sungura, akavuta jicho. Likabaki mkononi mwake.

Hakuna aliyeona. Ikupa alikuwa anakata uzi, Hedwiga anafunga gunia. Asteria alifumba kiganja. Nje honi ililia. Alimfikiria mama yake akigeukia mlango, akamfikiria pia mtoto wa mtu, katika nchi asiyoijua, akikohoa bila sauti. Aliogopa kote kuwili.

"Mama," alisema, akafumbua kiganja. "Nilikaza mlio mmoja. Si huyu peke yake."

"Wengine wako wapi?"

"Wamechanganyika humo. Siwajui."

Hedwiga hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alilifungua gunia alilokuwa amelifunga, akawamwaga sungura sakafuni.

"Wafumuliwe wote," alisema.

Ikupa alikuwa amembana mwanawe kifuani. "Kufumua tutafumua sisi," alisema, bila kumtazama Asteria. "Lakini kukaza, vidole ni vyako."

Swalehe alichungulia mlangoni. "Dada, twende. Dereva amekasirika. Tukikuacha sasa, basi jingine ni hadi Jumatatu."

Asteria alikuwa ameshaketi, wembe mkononi, machozi yakimdondokea mapajani.

"Mwambie mama nakuja," alisema.

Swalehe, aliyemwona mgonjwa jana tu na kuona hatafika Jumatatu, aliinamisha kichwa, akazibeba ndizi, akaondoka.