Maji ya Mama Nashwa

Jani la kwanza lilipogeuka manjano, Wagdi alilikata kwa mkasi akalificha chini ya takataka kabla mkewe hajaamka. Insaf hakuwa mtu wa kuona jani la manjano akanyamaza. Mmea ule wa majani mapana yenye matundu aliulea tangu ukiwa kichipukizi ndani ya kopo la samli, enzi anafundisha ushonaji, mpaka ukajaza pembe nzima ya sebule. Alikuwa na sheria zake: usipigwe na jua kali, majani yafutwe vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na asitie mtu maji kabla ya kuchovya kidole kwenye udongo na kukuta umekauka.

Sasa sheria zimemtoka kichwani, yamebaki maji tu. Humwagilia baada ya kifungua kinywa, akakaa, akautazama mmea kwa huruma, kisha akainuka tena.

"Umeshaumwagilia, Mama Nashwa," Wagdi alimwambia.

"Lini?"

"Sasa hivi. Gusa udongo uone."

Akagusa. Kidole kikatoka na tope. Alikitazama kidogo, akakipangusa kwenye gauni. "Basi umemwaga wewe. Usinifanye mtoto, Wagdi."

Daktari alikwisha kumwambia Wagdi kwamba ugonjwa ule wa kusahau haurudi nyuma. Binti yao, Nashwa, alipiga simu kutoka Kuwait akatoa ushauri.

"Baba, ficha jagi."

"Nimeficha. Anatumia birika la kahawa."

"Lifiche na hilo."

"Halafu mimi ninywe nini?"

Nashwa akacheka, kisha akasikika anapenga kamasi.

Wagdi akauhamishia mmea kwa jirani wa mlango wa pili, Bibi Suhair. Haikufika adhuhuri Insaf akatoka na kandambili, akapanda na kushuka ngazi za jengo zima, anagonga kila mlango na kuuliza kama wamemwona. Alisema "wamemwona", kama mtu. Bibi Suhair mwenyewe ndiye aliyeurudisha, amelowa machozi.

Siku moja Insaf alipojinyoosha kitandani baada ya chakula, Wagdi alitandika magazeti sakafuni akaupindua mmea. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza kama bamia iliyopikwa kupita kiasi, na harufu yake ikamrudisha nyuma. Akakata iliyooza, akabakiza michache yenye uhai, akaipanda kwenye udongo mpya uliochanganywa na mchanga. Magoti yalimuuma mpaka akainuka kwa kushika kiti. Akaenda kunawa mikono.

Aliporudi, Insaf amesimama pale na birika la kahawa, anamimina taratibu.

"Kunywa, mpenzi," anauambia mmea. "Wamekuacha na kiu."

Wagdi alisimama mlangoni. Angeweza kumpokonya. Aliwahi kufanya hivyo mara moja, na Insaf akajikinga uso kwa mikono kama anayetarajia kipigo, yeye ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kuinuliwa mkono. Basi alisimama tu mpaka birika likaisha.

Majani yakaanguka moja baada ya jingine, na asubuhi moja walikuta shina limelala juu ya zulia. Insaf akachuchumaa, akalishika.

"Nani kauua?"

Wagdi akasogea kando yake.

"Mimi," akasema. "Nilisahau kuumwagilia."

Insaf akamtazama kwa yale macho ya darasani.

"Nilijua tu. Wewe mtu wa kuachiwa kitu, wewe?" Kisha akaona uso wake, akampapasa bega. "Haya, usilie, Baba Nashwa. Sikukugombeza."

Akainuka, akaokota birika, akaelekea jikoni. Wagdi akasikia bomba linafunguliwa.