Kutu ya Rangi ya Chai

Kijiji cha ujamaa kilipokuwa bado kichanga, huko upande wa Zagayu, waya mwembamba uliadimika dukani, na vibuyu vilivyopasuka vikakosa cha kushonea. Mhunzi Machibya akaamua kuutengeneza mwenyewe. Alichukua waya mnene uliofungia marobota ya pamba, akaulainisha motoni, akauloweka kwenye machicha ya pombe yaliyochacha mpaka magamba meusi yakabanduka. Kisha akaupaka mafuta ya ng'ombe na kuuvuta kwa koleo kupitia tundu dogo la bamba la chuma, ili uwe mwembamba.

Ukakwaruzika. Ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika tena.

Mkewe Nyanjige, aliyeshikilia bamba, aliinama akalichungulia lile tundu. Mafuta yote yalikuwa yamekwanguliwa yakabaki kwenye ukingo wa tundu.

"Baba Kwandu, waya huu ni safi mno. Mafuta hayana pa kushika."

"Leo usafi umekuwa kosa?" Machibya aliguna.

Asubuhi moja Nyanjige aliokota nje kipande cha waya kilichosahauliwa kwenye umande. Kilikuwa kimeota kutu nyembamba, rangi ya chai. Machibya akanyoosha mkono akisugue kwa mchanga. Nyanjige akakificha mgongoni.

"Niachie kwanza nione."

Alikichovya kwenye chokaa iliyobaki walipopaka ofisi ya kijiji, akakikausha kando ya moto, akakipaka mafuta. Machibya akavuta huku amekunja uso, akitegemea kitakatika. Waya ukateleza wote, laini, hadi ncha ya mwisho.

"Mayu wee!" alimaka. "Vuta na wewe."

Nyanjige alivuta, akacheka peke yake.

Kipande kilichofuata walikiacha nje zaidi, wakidhani kutu nyingi itafaa zaidi. Ilikula chuma chenyewe, kipande kikakatika vipande vitatu. Machibya alisonya, lakini Nyanjige aliviokota akavipanguza kwa kidole, akitazama vishimo.

"Kutu ikiwa ngozi tu, inashika chokaa, na chokaa inashika mafuta," alisema polepole. "Ikizama, imeharibu."

Akalowesha kipande kingine kwa maji, akakilaza juani, akaketi mbele yake. Rangi ilipoanza kugeuka aliita, "Njoo uangalie!" Machibya akaacha mifuo ya kupulizia moto, akaja kuchuchumaa karibu naye. Kabla jua halijazama, jirani yao Felisita alikuwa anashona kibuyu chake cha maziwa kwa waya huo uliovutika, nao Machibya na mkewe wakibishana kama maji ya mvua yangeotesha kutu haraka kuliko ya kisima.