Kibao Kiitwacho Nyumbani

Jumapili baada ya misa, Winifrida alivua gauni lake la kanisani katika choo cha uwanja wa Woolwich, jijini London, akavaa suruali nyeupe ya besiboli, akafunga kamba za viatu. Siku hiyohiyo, huko kwao Kamachumu, mdogo wake Advera alikuwa akiolewa. Winifrida hakuweza kwenda. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa imeishikilia pasipoti yake tangu alipoomba kibali cha kuendelea kuwatunza wazee wa Kiingereza, na kila alipouliza aliambiwa asubiri.

Timu yake ilikuwa timu huru ya daraja la chini, isiyo na mfadhili. Ilianzishwa na Soud, Mpemba aliyekuwa karani wa reli kule Stratford, na kwa miaka kadhaa ilicheza kama timu ndogo yoyote, yaani kwa kufungwa. Mambo yalibadilika Soud alipochoka kufundisha kwa Kiingereza, akazifasiri sheria zote kwa Kiswahili sanifu: mchezaji huupiga mpira kwa gongo, hukimbia akapita vituo vitatu, na akikanyaga kile kibao cheupe alipoanzia, amefika nyumbani. Kwa Kiingereza neno hilo halikuwahi kumpeleka mtu popote. Kwa Kiswahili lilifanya kazi yake ipasavyo. Soud mwenyewe alikanyaga kibao akajikuta Wete, akamwamkia bibi yake, akarejea akitafuna mkate wa kumimina. Mchezaji mwenzao Allan alifika kwao Kakamega akarudi na kuku, na ligi ikaipa timu onyo kwa kuingiza mnyama uwanjani.

Ikabainika kwamba mtu hukaa nyumbani kwa muda ule tu anaoshangiliwa. Ndiyo sababu watazamaji wa Woolwich walikuja na ngoma, filimbi na peremende za koo.

Winifrida alikuwa hajawahi kuvuka kituo cha tatu.

"Dada Winifrida, leo usiupige kama unaua nyoka," Soud alimwambia. "Upige kama unamfukuza mgeni asiyeondoka."

"Kaka Soud, mimi wageni wangu huwapikia."

"Ndiyo maana hufiki!"

Aliupiga. Mpira ulipaa hadi kwenye uzio wa mbali, naye akakimbia. Alipofika kituo cha tatu miguu yake ikataka kusimama kama ilivyozoea.

"Twende, mama! Harusi haingoji mtu!" Allan alipiga kelele.

Mdakaji wa wapinzani, jitu moja kutoka Kilburn, alikwisha kuudaka mpira na kumwinamia. Winifrida alijitupa chini kifudifudi, mkono wake ukagusa kibao.

Kamachumu, maharusi walikuwa wakiingia ukumbini kwa kucheza.

"Umechelewa," mama yake alisema, akimpangusa vumbi. "Na suruali hiyo, mbele ya Padri?"

"Nimetoka mechini, Mama."

"Haya, kamshike mdogo wako mkono."

Akamshika. Wakacheza wawili, shela na kofia ngumu ya besiboli, hadi meza kuu.

Kule Woolwich wauguzi wa Kikenya walishangilia mpaka sauti zikawakauka, wanawake wa Kizanzibari wakapokea kwa vigelegele. Vigelegele navyo vilipopungua, wapinzani walivua kofia zao wakaanza kuimba, na lile jitu la Kilburn likaimba kuliko wote, ingawa lilishikilia kwamba lilimgusa kwa mpira kwanza. Keki ikakatwa. Advera akamlisha dada yake kipande. Ndipo mwamuzi akainua mkono kuomba utulivu ili mchezo uendelee, na Winifrida akawa amelala tena juu ya kibao, ana sukari kidevuni.

Mwamuzi alitamka kuwa mkimbiaji aliyetoka nje ya uwanja hawezi kuhesabiwa kwamba amefika nyumbani. Alama ikafutwa. Timu ikafungwa, ikaimba njia nzima hadi kituo cha basi.

Jumatatu wakili wa Winifrida, Shenaz, alimpigia simu. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa bado haijaamua.

"Tafadhali, dada, usisafiri popote. Ukitoka tu, hawatakuruhusu kuingia tena."

"Siendi popote," Winifrida alijibu. "Jumapili tuna mechi."